Kiboko, Mamba na Mtu Asiyeonekana Pichani



Msikilizaji mwenzako mmoja wa Tabora mjini ameniletea barua, na ndani ya bahasha ametia nakala ya picha iliyokatwa kutoka kalenda ya zamani ya Kijerumani. Anauliza swali moja tu. Kiboko anamfahamu, mamba anamfahamu, na wote wawili wapo Malagarasi. Lakini tangu lini kiboko akawindwa na watu waliopanda farasi? Na kama picha hii si ya kwetu, ni ya nani, na inasema nini?

Nimelipenda swali hili kuliko mengi ninayoletewa. Wengi wetu tukiona picha ya zamani huuliza nani kaichora, tukishaambiwa jina tunaridhika. Bwana huyu ameitazama picha kama karani wa forodha anavyotazama mzigo: anataka kujua kilichomo, kimetoka wapi, na kinakwenda kwa nani.

Redio haina macho, kwa hiyo nilipolijibu swali hili hewani ilinibidi niichore picha kwa maneno. Wewe unayesoma gazetini nawe utaiona kwa maneno yale yale.

Katikati amesimama kiboko, domo amelifungua mpaka mwisho, meno nje. Chini ya miguu yake yumo mamba, naye kaachama, mkia kaupinda. Farasi watatu wamewazunguka, wamesimama kwa miguu ya nyuma, macho yamewatoka kwa hofu. Juu ya farasi hao wapo wanaume watatu wenye mavazi ya nchi za Mashariki, vilemba na yote, wanashindilia mikuki na upanga. Mbwa nao wanauma popote wanapopata. Chini kabisa, kwenye matope, wapo watu wawili. Mmoja amelala chali kama aliyekwisha kukata roho. Mwingine amebanwa na wanyama, lakini bado ameshika jambia. Picha nzima haina upenyo wa kupitisha hata mkono. Kila mwenye meno anauma, na kila mwenye chuma anachoma.

Aliyebuni picha hii ni Peter Paul Rubens wa Antwerp, mji ambao leo uko Ubelgiji. Aliichora kwa rangi kati ya mwaka 1615 na 1616, akiwa na wasaidizi wengi katika karakana yake. Ilikuwa moja ya picha nne za mawindo alizoagizwa na Maximilian, mtawala wa Bavaria huko Ujerumani ya kusini, kwa ajili ya kupamba jumba lake la Schleissheim. Nyingine tatu zilikuwa za simba, za chui milia wa Asia na za nguruwe mwitu. Majeshi ya Napoleon yalizichukua kwenda Ufaransa. Ile ya simba iliteketea kwa moto mjini Bordeaux mwaka 1870, ila ya kiboko ilirudi Bavaria na mpaka leo iko katika jumba la sanaa la mjini Munich.

Lakini hii iliyomo katika barua si ile ya rangi. Hii ni ya mistari mieusi mitupu. Inatokana na kazi ya Mholanzi Pieter Soutman wa Haarlem, aliyezichukua picha za mawindo za Rubens akazihamishia kwenye sahani za shaba. Inafaa tuelewe kazi hiyo ilifanywaje, maana picha ya namna hii ilikuwa ndiyo gazeti la wakati wake. Fundi hupaka nta juu ya sahani ya shaba. Juu ya nta hiyo huchora kwa sindano, na kila inapopita sindano shaba hubaki uchi. Kisha humwaga tindikali, nayo hula pale tu palipo uchi. Sahani ikishasafishwa, wino hujazwa katika mifereji ile, karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake, na vyote viwili hupitishwa katika shinikizo. Picha imekwisha kutoka, na unaweza kutoa mamia mengine. Picha ya rangi ilikuwa ya mtawala mmoja katika jumba moja. Ya karatasi aliweza kuinunua daktari, mwanasheria, mfanyabiashara wa nguo, hata mchoraji mchanga aliyetaka kuigiza.

Kuna jambo jingine. Kitu kilichochorwa kwenye sahani hugeuka kinapochapwa, kama herufi za mhuri wa ofisi zinavyosomeka kinyumenyume kwenye mpira wenyewe. Fundi asipoangalia, mtu wa mkono wa kulia huwa wa mkono wa kushoto. Kwa hiyo picha za namna hii, tangu karakana, zimepita mikononi mwa watu waliozigeuza. Ukumbuke hilo unapoambiwa kwamba picha haisemi uongo.

Mtindo wenyewe huitwa baroki. Ulitawala Ulaya kwa karne ya 17 yote na zaidi. Kama nikiulizwa niuelezee kwa maneno machache, nitasema ni mtindo unaoogopa utulivu. Mtu hasimami bali anaanguka, nguo haining'inii bali inapepea, na mnyama haonyeshwi akila majani kama afanyavyo usiku kucha. Anaonyeshwa katika dakika ile moja ya kuua au kuuawa.

Sasa turudi kwa kiboko wetu. Wa kwanza wa kumshangaa ni sisi tunaomjua, kwa sababu amechorwa vizuri. Ngozi ina mikunjo yake, masikio ni madogo yanavyopasa, na domo lile lililoachama ni ishara ya kweli ya kiboko mwenye hasira. Rubens aliishi Italia kuanzia mwaka 1600 hadi 1608. Katika miaka hiyo hiyo tabibu mmoja wa Kiitaliano, Federico Zerenghi, aliua viboko wawili karibu na Damietta, pale Nile inapoingia baharini, akawachuna, akazitia ngozi chumvi na kuzileta Italia. Mwaka 1603 akaandika habari zao. Wataalamu wengi wanaamini kwamba Rubens alijifunza umbo la kiboko kutokana na ngozi hizo. Basi mnyama huyu anayenguruma katikati ya picha, kwa asili yake, ni ngozi iliyotiwa chumvi. Tafadhali liweke akilini neno hilo, ngozi, maana tutalirudia.

Si wote waliobahatika hivyo. Miaka 100 kabla yake, mwaka 1515, Mjerumani Albrecht Dürer alichora kifaru ambaye hakupata kumwona kabisa. Mnyama mwenyewe alikuwa zawadi kutoka kwa Sultani wa Gujarati, India, akafika Lisbon kwa mfalme wa Ureno. Mfalme, kwa kuwa alisoma katika vitabu vya Warumi kwamba kifaru na tembo ni maadui wa asili, aliwakutanisha uwanjani apate kuona. Tembo alipomwona kifaru alikimbia, na shughuli ikaishia hapo! Kifaru akapelekwa zawadi kwa Papa, meli ikazama, naye akafa maji mapema mwaka 1516. Dürer, kwa kutumia barua na mchoro wa mtu mwingine, alimvika kifaru huyo ngozi kama deraya ya askari, na watu wa Ulaya wakaiamini picha ile kwa zaidi ya miaka 200. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha hamu yao ilikuwa wapi. Tembo aliyekimbia hakuna aliyeharakisha kumchora. Wanyama waliotakiwa ni wale wanaopigana.

Kwa nini basi kiboko na mamba, na si wanyama wengine? Mtu msomi wa wakati wa Rubens hakuhitaji maelezo. Tangu zama za Warumi, wanyama hawa wawili walikuwa alama ya mto Nile. Ukiwaweka pamoja umeandika Misri bila kuandika neno. Na Nile wakati huo ilikuwa fumbo kubwa kuliko yote katika ramani, kwani chanzo chake hakuna aliyekijua huko Ulaya. Kiboko anayeachama kwenye karatasi ya Soutman ni mlinzi wa mlango uliofungwa. Zaidi ya miaka 200 baadaye, waliokuja kuugonga mlango huo walipitia Tabora. Burton na Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakipokewa na wafanyabiashara wa Kiarabu ambao habari za maziwa makuu walikuwa nazo kitambo. Kutoka hapo hapo Kazeh, mwaka uliofuata, Speke alikwenda kaskazini akaliona ziwa ambalo Wasukuma walikuwa wakivua samaki tangu enzi za mababu zao.

Msomaji wa Biblia naye aliona kitu kingine. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 40 na 41, Mungu anamtajia Ayubu wanyama wawili wa kutisha ambao binadamu hawezi kuwatiisha. Majina yao ya Kiebrania ni Behemothi na Lewiathani. Huko Ulaya walibishana sana. Wengine walisema Behemothi ni tembo. Mwaka 1663 mwanazuoni wa Kifaransa, Samuel Bochart, alishikilia kwamba ni kiboko, na kwamba mwenzake ni mamba. Kama unayo nyumbani Biblia ya Kiswahili ile ya Umoja, iliyotoka mwaka 1952, ifungue hapo. Utaona kwamba watafsiri wetu walifuata upande wa Bochart: pana kiboko, halafu pana mamba. Mkristo wa Uvinza akisoma sura hizo hahitaji picha. Anawajua wote wawili, na pengine amepoteza ndugu kwa mmoja wao.

Ila mwenye picha alikuwa Maximilian, na yeye hakuwa mtu wa kununua wanyama kwa ajili ya mafumbo tu. Alikuwa kiongozi wa muungano wa watawala wa Kikatoliki wa Ujerumani, na mwaka 1618, miaka miwili tu baada ya picha kukamilika, vilianza vita ambavyo vilidumu miaka 30 na kuiharibu Ujerumani vibaya. Hakupata kumwinda kiboko. Mfalme wa kweli, kwa fikira za wakati ule, ni yule anayeweza kuleta pembe zote za dunia ukutani kwake: simba kutoka huku, kiboko kutoka kule, na wapanda farasi wa Mashariki, ambao Ulaya iliwaogopa kwa sababu ya nguvu za Waturuki, wakihangaika pamoja na wanyama katika tope moja. Mgeni anapoketi mezani anaona kwamba dunia nzima inauana, isipokuwa mwenyeji wake.

Namna hii ya kuonyesha wanyama wetu haikufa pamoja na baroki. Ilihamia katika vitabu vya wasafiri. Mwaka 1857 Livingstone alipotoa kitabu chake cha kwanza, mchapishaji alitia mchoro wa simba aliyemrukia mwaka 1844 huko Mabotsa, Afrika ya kusini. Livingstone alipouona alimwandikia mchapishaji akimsihi autoe, kwa kuwa kila anayemjua simba angekufa kwa kicheko. Mchoro haukutolewa. Simba wa kweli alikuwa ameuvunja mkono wake wa kushoto, na mfupa haukuungana sawasawa. Ndugu zetu wa Tabora wanajua kwamba Livingstone alikaa Kwihara kwa miezi kadhaa mwaka 1872, na kwamba Oktoba 1873 maiti yake ilipita hapo hapo Kwihara, ikiwa imebebwa na Chuma, Susi na wenzao kuelekea pwani. Ilipofika London mwaka 1874 daktari aliitambua kwa mfupa ule wa mkono. Kati ya mchoro na mfupa, basi, shahidi wa kuaminika alikuwa mfupa, na waliomleta shahidi huyo kwa mabega ni wapagazi.

Sasa nijibu lile swali la farasi. Katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Ugogo mpaka Tabora na Ujiji, farasi hakuwa mnyama wa kutegemewa. Stanley alianza safari yake mwaka 1871 akiwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa Kingaru, hata hawajaondoka sana kutoka pwani, mmoja baada ya mwingine. Mbele zaidi walikuwapo mbung'o. Punda nao walikufa wengi. Njia ile ilitembelewa kwa miguu ya binadamu, Wanyamwezi wengi wao, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Hao ndio waliokuwa reli kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912. Na adui zao wakubwa hawakuwa na meno: ndui, njaa ya Ugogo, kiu ya Marenga Mkali, na hongo iliyokuwa ikidaiwa kila baada ya hatua chache.

Tukitaka mapambano ya kweli ya mamba katika njia hiyo, yapo, na anayesimulia ni Stanley huyo huyo. Mwanzoni mwa Novemba 1871, kwa tarehe zake mwenyewe, alifika Malagarasi akiwa njiani kwenda Ujiji. Wenye mitumbwi walimdai malipo makubwa ya kuvushwa, wakabishana nusu siku kama wanavyobishana abiria na kondakta. Watu na mizigo wakavuka. Zamu ya punda ikafika. Alikuwapo punda mmoja mzuri wa Kinyamwezi, na jina lake, amini usiamini, alikuwa Simba. Wakamfunga kamba shingoni, akaogelea nyuma ya mtumbwi. Alipofika katikati ya mto, mamba akamkamata kooni. Watu wakavuta kamba kwa nguvu zao zote. Punda akazama, kamba ikalegea, maji yakatulia.

Hapakuwa na mikuki wala mbwa wala kilemba kinachopepea. Ukimpa Rubens mkasa huo hajui pa kuanzia, kwa kuwa cha kuchora ni maji tu na nyuso za watu wameshika kamba. Wavuvi wa Malagarasi watakwambia vile vile kwamba mamba na kiboko aghalabu huishi katika bwawa moja bila kuingiliana. Kiboko jike mwenye mtoto ndiye asiyetaka jirani, na huyo humfukuza mamba, mtu, hata mtumbwi. Eneo lao leo ni kubwa: ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi ilitambuliwa mwaka 2000 kuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya dunia chini ya mkataba wa Ramsar.

Ningeweza kuishia hapa, nikamwambia mwandishi wa barua kwamba picha si ya kwetu, kalamu chini. Lakini kuna kiboko mwingine, naye alipita njia ile kweli.

Mnyama huyu akiuawa huacha nyama, meno na ngozi. Nyama iliisha kijijini. Meno yalikwenda pwani pamoja na ya tembo, kwa sababu jino la kiboko ni gumu na halibadiliki rangi upesi. Mafundi wa Ulaya na Marekani walilichonga wakatengeneza meno ya bandia. George Washington, Rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa na meno ya bandia ambayo sehemu yake ilikuwa ya kiboko. Fikiria: wazee wa Ulaya walitafunia meno ya mnyama waliyemwogopa pichani!

Ngozi ndiyo yenye kisa kirefu. Ngozi ya kiboko ni nene ajabu. Hukatwa vipande virefu ikiwa mbichi, hunyongwa ikakauka, hupunguzwa mpaka ncha ikawa nyembamba, kisha hupakwa mafuta. Misri waliita kurbaji na wakaitumia kwa wakulima wa kando ya Nile. Kongo ya Wabelgiji iliitwa shikoti. Sisi hatukujisumbua kutafuta jina jipya. Tuliuita mjeledi kwa jina la mnyama, kiboko, na adhabu tukaiita viboko.

Tabora waliujua vizuri. Mwaka 1893 Isike, mtemi wa Unyanyembe, baada ya kuwapiga Wajerumani mara kadhaa, alizidiwa ndani ya boma lake, akawasha baruti ili wasimkamate hai. Baada yake utawala wa Kijerumani ulikaa, na pamoja nao kiboko. Mwaka 1896 Kansela wa Ujerumani alitoa amri iliyoweka utaratibu: viboko visizidi 25 kwa mara moja, na wanawake, Waarabu na Wahindi wasichapwe. Yaani sheria ilitaja kwa uangalifu migongo isiyoguswa, ili aliyebaki ajijue. Hiyo ndiyo hamsa ishirini ambayo wazee wetu walikuwa wakiitaja kwa sauti ya chini. Nimekutana na watu wasiojua tarehe yoyote ya utawala wa Mjerumani, lakini hesabu hiyo wanaijua.

Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora na kuwafukuza Wajerumani. Wenye kiboko wakaondoka, wenye shikoti wakaingia. Kwa mtu wa Unyanyembe aliyekuwa akitazama kutoka barazani, sijui kama alipewa muda wa kuona tofauti. Na neno lenyewe halijatuacha. Siku hizi fimbo ni ya mti tu, lakini kanuni za elimu za mwaka 2002, zilizopunguza idadi hadi vinne, zinahusu kile kile ambacho kila mwanafunzi anakiita kiboko. Vijana nao wakitaka kumsifu mtu hodari husema huyo ni kiboko. Sijui kama wanamkumbuka mnyama au mjeledi.

Tumwone sasa huyo kiboko wa pili alivyochorwa, na kwa hilo tuufuate ule msafara mpaka mwisho wake, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasumbwa wengi walivuka kwenda Katanga kutafuta shaba. Mmoja wao, Msiri, alijenga huko utawala mkubwa wa Garenganze, mpaka alipouawa mwezi Desemba 1891 na ofisa wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold. Shaba ileile ambayo mafundi wa Haarlem walichora juu yake, wazee wa Msiri walikuwa wakiibeba mabegani.

Huko Katanga, mjini Lubumbashi, miaka ya 1970, palikuwa na mchoraji aitwaye Tshibumba Kanda-Matulu. Aliongea Kiswahili cha huko, na alichora kwa rangi juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akiwauzia watu wa kawaida watundike sebuleni. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi yake, picha zipatazo 100, akimweleza kila moja kwa Kiswahili mtaalamu Johannes Fabian, ambaye alizitoa katika kitabu mwaka 1996. Kuna picha moja ambayo yeye na wachoraji wenzake waliirudia mara nyingi kwa sababu wateja waliitaka. Waliiita Koloni ya Wabelgiji.

Nayo ni hivi. Ua wa gereza au boma. Bendera ya Ubelgiji mlingotini. Mtu mmoja amelazwa kifudifudi, matako wazi. Askari mweusi ameinua shikoti, yaani ngozi ya kiboko. Wafungwa wengine wanafanya kazi, akina mama wametazama. Kando amesimama ofisa wa kizungu, kofia kichwani, mara nyingi na kiko mdomoni. Hafanyi chochote. Anatazama.

Ndugu yangu wa Tabora, iweke picha hii kando ya ile ya kalenda yako. Katika zote mbili kuna mtu chini ambaye hawezi kuinuka na kuna mwingine juu yake mwenye silaha. Kiboko naye yumo katika zote mbili, kwanza akiwa na domo lake, halafu akiwa kamba ya ngozi mkononi mwa askari. Lakini katika picha ya Rubens na Soutman tafuta juu, tafuta chini, aliyeagiza mapambano hayo humwoni. Maximilian yuko nje ya fremu, mezani, na kila anayeitazama picha anasimama pale alipokuwa amesimama yeye. Tshibumba alimchukua mtazamaji huyo, akamvika kofia, akamtia kiko mdomoni, akamsimamisha ndani ya picha pamoja na wengine, mahali ambapo mke wa mfungwa anaweza kumwona.